Malkia Wasiotaka Kutazamwa

Mvua za vuli ndizo za kutegemewa Voi. Zile za masika, ambazo sehemu kubwa ya Kenya huzipangia kilimo chake chote, huku nyanda za chini za Taita Taveta huja zikipenda, na zisipopenda hazionekani. Kwa hiyo anayetafuta malkia wa sisimizi huku huanza kuangalia mawingu mwishoni mwa Oktoba, na mwenyeji wangu alikuwa ameyaangalia mpaka shingo ikamuuma. Ujumbe wake ulinikuta Mombasa: "Imenyesha usiku, imenyesha tena asubuhi. Panda gari leo. Ukisema kesho, kesho watakuwa wameisha."

Nilidaka basi la Nairobi pale Mwembe Tayari. Mazeras, Mariakani, Samburu, kisha ile nyika ya Taru ambayo wasafiri wa zamani waliiogopa kwa kiu na sisi wa leo tunaivuka tukisinzia. Mackinnon Road mzee mmoja kiti cha mbele aliinua mikono kuelekea msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, akaomba kimoyomoyo hadi tulipoupita. Baada ya Maungu udongo uligeuka mwekundu kwelikweli. Maji yalikuwa yamesimama kando ya lami, vichuguu vya mchwa vimelowa, na upande wa kulia, ng'ambo ya reli, tembo watatu wa Tsavo walisimama wakiwa na rangi ileile ya vichuguu.

Majirani humwita mwenyeji wangu Mwalimu, kwa sababu aliwahi kufundisha kemia kabla hajajitosa kwenye utafiti wa wadudu, nami nitamwita hivyohivyo. Ni mzaliwa wa Wundanyi. Ana kibali cha utafiti, na kukitaja mapema kuna maana, kama itakavyoonekana. Voi amepanga chumba kimoja kwenye ploti yenye vyumba vinavyotazamana, bomba la maji katikati, kamba za nguo juu. Nilimkuta akifunga shuka jeupe ukutani na kuning'iniza taa mbele yake. Mama mwenye ploti alikuwa ameketi kwenye stuli akimtazama kwa subira ya mtu aliyekwisha kuuliza maswali yote na kupewa majibu asiyoyaamini.

"Mgeni, karibu. Na wewe umefuata wadudu?"

"Nimefuata wadudu, mama."

"Basi leo mtashiba."

Sisimizi wenye mabawa hawaruki kila siku. Kiota huwaweka chini wanamwali na madume yake kwa wiki kadhaa, kikisubiri ardhi ilainike na hewa ijae unyevu. Kisha viota vya eneo zima hufungua milango karibu wakati mmoja, kwa muda mfupi, na basi. Mpango huo una faida zake. Malkia hukutana na madume wa viota vingine badala ya ndugu zake. Ndege, mijusi na vyura hula wakashindwa kumaliza. Na anayetua hukuta udongo unaochimbika kwa taya. Mvua isiponyesha hakuna anayetoka, na ukame ukishika kama ule wa 2022, uliowaua tembo kwa mamia nchini, hata mtafiti hukosa kazi.

Giza lilipoingia shuka lilijaa. Wa kwanza kuja, na kwa wingi wa kutisha, walikuwa kumbikumbi. Jirani wa chumba cha tatu, mzaliwa wa Vihiga, alitoka na beseni la maji akaliweka chini ya taa yetu bila kuomba ruhusa, na dakika chache baadaye harufu ya kumbikumbi wakikaangwa ilitanda uani. Mwalimu hakujali. Yeye alikuwa anatafuta wengine katikati ya vurugu lile, na alinifundisha kuwatofautisha kwa kunishikia tochi. Kumbikumbi ni wa ukoo wa mchwa: mabawa yake manne yanalingana urefu, kiuno chake ni kinene, vipapasio vyake vimenyooka mfano wa shanga zilizotungwa. Sisimizi ana kiuno cha kukatika, mabawa ya mbele marefu kuliko ya nyuma, na vipapasio vilivyopinda kama kiwiko. Ukishawaona mara moja hutawachanganya tena, ingawa jirani wa Vihiga alisisitiza kwamba tofauti ya maana ni ladha.

Tena kumbikumbi hutua wawili wawili. Jike na dume hukata mabawa, hufuatana, huchimba pamoja, na mfalme huishi na malkia wake shimoni maisha yote. Dume la sisimizi halina bahati hiyo. Likishapandana hufa, mara nyingi siku hiyohiyo, na kitu pekee linachokiacha duniani ni mbegu ambazo malkia huzihifadhi katika kifuko kidogo tumboni. Mbegu hizo ndizo atakazozitumia kidogo kidogo maishani mwake, na maisha hayo si mafupi. Kule Ulaya malkia mmoja wa sisimizi mweusi wa bustani, Lasius niger, aliishi kwenye ufugaji karibu miaka 29. Hakupandwa tena katika muda huo wote.

Nilidhani tungewaokota waliokuwa wametua kwenye shuka. Mwalimu aliwaacha. Macho yake yalikuwa chini, kwenye saruji iliyolowa na kwenye udongo wa kando ya ua, akitafuta wale wanaokimbia bila mabawa. "Mwenye mabawa bado hajaamua," alisema. Malkia akishapandwa huyakata mwenyewe kwa kuyasukuma na miguu yake mpaka yakatike mashinani, na ukimtazama kwa lenzi unaona vikovu vinne mgongoni. Zipo spishi ambazo malkia hukawia kuyakata, na wapo wanaoyakata bila kupandwa, kwa hiyo si ushahidi kamili. Lakini malkia ambaye hakupandwa, hata akitaga, mayai yake huwa madume matupu, kwa kuwa kwa sisimizi yai lisilorutubishwa huzaa dume na lililorutubishwa huzaa jike. Unaweza kumtunza miezi mitatu, ukashangilia mayai, ukaishia na madume wasiofanya kazi yoyote.

Wengi tuliowapata walikuwa wa jenasi ya Camponotus, wale sisimizi wakubwa wa usiku ambao ukiamka kunywa maji unawakuta wakizunguka kopo la sukari. Mwalimu aliwaingiza mmoja mmoja kwenye vichupa kwa brashi laini ya rangi za maji. Mama mwenye ploti alimletea mmoja mwenyewe, kafunikwa kwa glasi ya chai, akasema huyu alikuwa anapanda ukutani na hana adabu.

Nyumba ya malkia hugharimu kidogo kuliko sahani ya chipsi. Ni neli ya majaribio, ile ya kioo ya maabara ya shule. Mwalimu hujaza maji theluthi moja, husukuma pamba mpaka iguse maji na kuyazuia, kisha humwingiza malkia na kuziba mdomo wa neli kwa pamba nyingine inayopitisha hewa. Kati ya pamba mbili hizo pana nafasi ya urefu wa kidole. Pamba ya ndani hubaki na unyevu wiki hadi wiki. Neli huviringishwa kitambaa chekundu au karatasi nyeusi, hupangwa ndani ya sanduku, sanduku husukumwa chini ya kitanda. Chakula hapewi.

Hapo nilisita. Mama mjamzito, kwa lugha ya kwetu, ananyimwa chakula?

"Anacho," Mwalimu alijibu, akigonga kifua chake mwenyewe. "Hapa."

Malkia mpya huwa na kifua kipana kuliko cha sisimizi mwingine yeyote kiotani, na ndani yake mna misuli mikubwa ya kurukia. Aliitumia jioni moja tu. Mabawa yakishakatika, misuli ile huanza kumeng'enywa na mwili, pamoja na mafuta aliyoyabeba kutoka kiota cha mama yake, na ndiyo inayogeuka kuwa mayai na chakula cha mabuu wa kwanza, anachowapa mdomo kwa mdomo. Hula mabawa yake, kwa namna ya kusema, na kuwalisha wanawe. Porini angefanya hivyohivyo ndani ya kijishimo alichokichimba na kujifungia, bila kutoka hata mara moja, mpaka wafanyakazi wa kwanza waanguliwe na kufungua mlango.

Si wote walio hivyo. Malkia wa baadhi ya koo za sisimizi wawindaji hutoka nje kutafuta riziki wakati wa kulea, na ukimfungia bila tone la asali na mdudu aliyekatwakatwa utamkuta amekufa. Na wapo ambao neli haiwafai kabisa. Malkia wa siafu hana mabawa tangu kuzaliwa, na hawezi kuanzisha chochote peke yake. Kundi la siafu huzaliana kwa kugawanyika, nusu ikaenda na malkia mpya. Akiwa na jeshi lake hutaga mayai yanayokadiriwa kufika milioni 3 au 4 kwa mwezi. Mtoe umweke peke yake na hutapata koloni. Kwa hiyo swali la kwanza la mfugaji ni kumjua aliyemshika, na ukosefu wa jawabu huua malkia wengi kuliko ukosefu wa vifaa.

Nilipouliza anawafanya nini ili watage, Mwalimu alisema hafanyi kitu. Alisema hivyo kwa uchovu, maana ndilo swali analoulizwa kila siku. Malkia huja na mayai yake tayari kuiva, na hutaga katika siku chache au wiki mbili za mwanzo iwapo ataamini kwamba yuko chini ya ardhi. Kazi ya mtu ni kuondoa kila kinachomshawishi kwamba hayuko. Mwanga, kwa mfano; kitambaa chekundu kinasaidia kwa kuwa sisimizi wengi huona rangi hiyo kwa shida. Mtikisiko: Mwalimu alihamisha sanduku kutoka juu ya meza kwa sababu jirani mmoja hutwanga vitunguu saumu kwenye ukuta uleule. Harufu ya manukato, dawa ya mbu, moshi. Na zaidi ya vyote, jicho la mwenye neli. Malkia aliyefunuliwa kila asubuhi hupata fadhaa, na malkia mwenye fadhaa hula mayai yake. Hufanya hivyo si kwa ukatili. Yai ni akiba ya nguvu zake, na mahali pasipo salama akiba hurudishwa ghalani.

Alinionyesha neli moja tu, ya malkia aliyepatikana mvua ya kwanza. Alifunua kitambaa nusu, kwa tochi iliyofunikwa karatasi nyekundu, tukahesabu pumzi. Malkia alikuwa amekaa karibu na pamba ya maji. Chini ya taya zake palikuwa na kifurushi cheupe kisichozidi punje ya mtama, na nilipokitazama kwa lenzi kikawa mayai marefu membamba yaliyogandamana kwa mate. Alikibeba chote kwa pamoja, akageuka, akakilamba upande mmoja, akakigeuza, akalamba upande mwingine. Kulamba huko ndiko kunakozuia ukungu. Mayai yaliyotelekezwa kwenye unyevu ule huota manyoya ndani ya siku chache. Tukafunika.

Mwalimu husoma vitu kwa bidii hata ambavyo si vya kazi yake, na akiwa anaandika tarehe kwenye karatasi ya neli alinisimulia habari iliyotoka kwenye jarida la Nature mwaka 2025 kuhusu sisimizi mvunaji wa kusini mwa Ulaya, Messor ibericus. Malkia wa huyu hawezi kupata wafanyakazi kwa mbegu za madume wa kwao. Anahitaji za spishi jirani, Messor structor. Na pale ambapo spishi hiyo haipatikani, malkia hutaga mwenyewe madume wa spishi ile nyingine. Mama mmoja, watoto wa spishi mbili. "Sasa mtu akinunua malkia mmoja wa namna hiyo kwa posta," alisema, "amenunua nini hasa?"

Neno posta halikuja kwa bahati mbaya. Mkenya asiyewahi kumfikiria malkia wa sisimizi alimfikiria Aprili 2025, vijana wawili wa Ubelgiji, wote wa umri wa miaka 19, walipokamatwa katika nyumba ya wageni Naivasha wakiwa na sisimizi takriban 5,000. Walikuwa kwenye neli 2,244, zenye pamba ndani. Walishtakiwa sambamba na raia wa Vietnam na Mkenya mmoja waliopatikana na sisimizi wengine. Tarehe 7 Mei 2025, katika mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Hakimu Njeri Thuku aliwatoza kila mmoja faini ya shilingi milioni 1 au kifungo cha miezi 12. Sisimizi mashuhuri katika kesi ile alikuwa Messor cephalotes, mvunaji mkubwa mwekundu wa Afrika Mashariki, ambaye malkia wake mmoja alitajwa kuuzwa ng'ambo hadi dola 220.

Watu walicheka. Nami nilikuwa miongoni mwa waliouliza kama askari wetu wamemaliza majangili wa pembe mpaka wakafikia sisimizi. Lakini Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 haipimi mnyama kwa kilo: humo mnyamapori ni kiumbe yeyote wa mwituni wa asili ya nchi hii, hata mmea, hata kijidudu kisichoonekana kwa macho. Ndiyo maana Mwalimu ana kibali, na ndiyo maana anayesoma makala haya na kuvutiwa na neli asikimbilie uani kwake mvua ikinyesha.

Kilichonigusa chini ya kitanda kile Voi ni kufanana kwa vitu. Neli ya Mwalimu na neli za Naivasha ni neli moja. Uwezo uleule unaomwezesha malkia kulea wanawe peke yake gizani, bila chakula, bila kutoka, kwa mwezi au miwili, ndio unaomfanya awe bidhaa nzuri ya magendo. Kasuku hupiga kelele sandukuni na hutaka maji. Kobe ni mzito. Malkia wa sisimizi, maumbile yalishamwandaa afungiwe. Mlanguzi hakuvumbua chochote; alikuta safari imekwisha kufungashwa, na akiwa na bahati mzigo hutaga njiani na kuwasili na thamani kubwa kuliko ulivyoondoka.

Watetezi wa biashara hii wana hoja moja ambayo si ya kudharau. Wanasema malkia walio wengi hufa tu. Ni kweli. Katika mamia wanaoruka, wachache mno huishia kuwa na kiota; usiku ule nilimwona chura mmoja chini ya bomba akimeza malkia watano bila kupiga hatua. Ila mwokotaji haokoti kama chura. Anachagua, kama Mwalimu alivyochagua, wale waliokwisha kupandwa, kukata mabawa na kuwapita chura na popo, yaani waliokaribia kufaulu. Anawaokota katika jioni chache ambazo eneo zima linategemea kwa mwaka. Na kiota kimoja huchukua miaka kabla hakijaweza kurusha wanamwali wake. Sisimizi wavunaji husambaza mbegu za nyasi na kupenyeza hewa ardhini. Ng'ombe wa Naivasha na tembo wa Tsavo wanakula matokeo yake.

Na huko malkia aendako pia kuna neno. Kenya inajua adha ya sisimizi aliyehamishwa. Mwanzoni mwa 2024 jarida la Science lilitoa utafiti wa Laikipia ulioongozwa na Douglas Kamaru, kuhusu Pheidole megacephala, yule mdogo mwenye kichwa kikubwa aliyesambazwa duniani na shughuli za binadamu. Alipoingia kwenye migunga aliwafukuza sisimizi wakaao kwenye miiba, ambao ndio waliokuwa wakiwazuia tembo. Tembo wakavunja miti, simba wakakosa pa kujificha, wakashindwa kunasa punda milia na kugeukia nyati. Mlolongo mzima huo umeanzishwa na mdudu wa milimita mbili tatu.

Asubuhi tulizungukia Sagalla, kwa sababu Mwalimu alitaka asali. Chini ya mlima ule wakulima wametundika mizinga kwenye nyaya kuzunguka mashamba. Tembo akigusa waya mizinga hutikisika, nyuki hutoka, tembo hurudi Tsavo. Uzio huo ulianza kama jaribio la Lucy King na shirika la Save the Elephants, na matokeo ya miaka tisa yaliyochapishwa 2024 yalionyesha kuwa msimu wa mazao mengi uzio ule uliweza kuwarudisha hadi asilimia 86 ya tembo waliokaribia. Mkulima aliyetuuzia asali aliposikia tumetoka kutazama sisimizi wakitaga alitikisa kichwa. Nyuki, alisema, malkia wake haanzi maisha peke yake. Huondoka na kundi. "Huyo wenu amelaaniwa, au ni jasiri. Lakini faida yake ni ipi?"

Jibu la Mwalimu lilikuwa minazi ya Zanzibar, na alilitoa akiwa amekaa juu ya jerikeni. Miaka ya 1950 minazi ya kisiwa hicho ilikuwa ikipukutisha dafu changa, na mkosaji alikuwa kunguni wa mnazi anayefyonza utomvu, aliyepewa jina Pseudotheraptus wayi kwa heshima ya M. J. Way, mtaalamu wa Kiingereza aliyemchunguza hapo Unguja. Way aliona kwamba minazi yenye majimoto, wale wekundu wanaoshona majani kwa hariri ya mabuu wao, haikuwa na tatizo. Tatizo lilirudi pale majimoto walipofukuzwa na sisimizi wengine, na mmoja wa wafukuzaji alikuwa huyuhuyu Pheidole wa Laikipia. Tangu hapo kila anayetaka kumtumia majimoto shambani amekutana na swali lile la neli: utapataje koloni? Kupandisha kiota kizima kutoka mti wa jirani kunauma, na malkia wake huenda yuko kwenye kiota kingine kabisa. Watafiti wa Benin na wa Tanzania, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Sokoine na kituo cha Naliendele kule Mtwara kwenye korosho, wameshughulikia njia nyingine: kuwanasa malkia wakati wa kuruka, kuwaacha watage ndani. Ilionekana kwamba malkia kadhaa wakiwekwa pamoja, wakapewa na pupa kutoka koloni jingine, kundi hukua haraka zaidi. Pupa wale wakianguliwa humhudumia malkia asiye mama yao bila kuuliza.

"Kwa hiyo ni walinzi wa shamba," mkulima alisema. "Sema hivyo tangu mwanzo."

Tatizo la Mwalimu kwa wakati ule lilikuwa bati. Voi iko kwenye mita 600 hivi juu ya bahari, na chumba chenye paa la bati mchana wa jua baada ya mvua ni tanuri. Sisimizi wa nyanda hizi hupenda joto, nyuzi 25 hadi 28 zinawafaa sana, lakini chini ya kitanda kipimajoto chake kilikuwa kikivuka 33. Maji yalikuwa yakitoa jasho kwenye kuta za neli, na malkia wawili walikuwa wamezama ndani ya tone. Porini malkia angechimba kina kingine. Kwa hiyo alikuwa amehamishia nusu ya masanduku kwa mama yake, Wundanyi, na huko ndiko tulikokwenda mchana.

Matatu ilipita Mwatate na mkonge wake uliopangwa kwa mistari hadi macho yanachoka, kisha ikaanza kupanda. Barabara ya Wundanyi hujikunja juu ya yenyewe, na kila kona joto linashuka na migomba inazidi. Abiria walifunga madirisha. Mwalimu alikuwa ameshika neli alizoongeza kifuani, ndani ya jaketi, akisimama nusu kila tulipokanyaga shimo ili magoti yake yapokee mtikisiko badala ya malkia. Utingo alimuuliza kama amebeba mayai. "Bado," alisema.

Vilele vya Taita vinaishia Vuria, mita 2,208, na Wundanyi iliyo chini yake ina ubaridi wa kuvaa sweta mchana. Hapo malkia wa Voi walikuwa wamepatwa na jambo lililo kinyume. Hawakufa. Walikaa tu. Sisimizi hawana joto lao wenyewe. Mwili hufuata hewa, na kwenye nyuzi 17 au 18 za usiku mayai hutoka kwa kuchelewa na yaliyotoka hukaa tu yalivyo. Kinachochukua mwezi na nusu penye joto, kutoka yai hadi mfanyakazi wa kwanza mdogo aliyedumaa, huku kingechukua mara mbili.

Suluhisho lilikuwa limepatikana bila Mwalimu. Mama yake, mwenye umri wa kuitwa nyanya na nusu ya kijiji, alikuwa ameona sanduku limekaa sebuleni penye baridi, akaamua kwa hekima yake kulihamishia kwenye rafu ya ukutani, upande wa pili wa ukuta wa jiko la kuni. Moshi haufiki pale, joto linafika. Nilipoweka kiganja kwenye matofali yalikuwa vuguvugu, na kipimajoto kilisoma 26. Mwalimu hakusema neno. Alifungua sanduku, akatoa neli ya mwisho, akafunua kitambaa kiasi cha ukucha. Malkia alikuwa na kifurushi chake, na ndani yake baadhi ya mayai yalikuwa yameshakuwa mabuu, madogo, yamejikunja, yana rangi ya ute.

"Umewalisha?" alimuuliza mama yake kwa hofu.

"Nani? Hao? Sijawagusa, sikumbuki hata kama wapo." Kisha akageukia jambo lililokuwa likimsumbua kweli. "Lakini hiyo rafu ni ya sufuria zangu kubwa. Krismasi wanakuja ndugu zako wote kutoka Nairobi na Mombasa, nitapikia wapi, nitaweka wapi?"

Mwalimu alihesabu kwa vidole, wiki za mabuu, wiki za vifuko vya pupa. Wafanyakazi wa kwanza wangetoka mwanzoni mwa Januari, labda katikati.

"Mama, baada ya mwaka mpya."

"Krismasi," mama alisema, akaenda kutia maji ya chai.